Siku Thelathini za Mwenzako

Kijana uliyeapishwa kuwa wakili, ukaamua kuweka ofisi yako Dodoma na kusema utajikita kwenye kesi za kazi, nakupongeza kwanza, kisha nina maneno nawe. Mji huu unakuhitaji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa 1973 na ukakaa zaidi ya miaka arobaini bila kutimia. Tangu ilipotangazwa Julai 2016 kwamba safari hii Serikali inahama kweli, Dodoma imegeuka saiti ya ujenzi kila upande: Mji wa Serikali kule Mtumba, reli ya SGR, uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko ya kilomita 112. Nyuma yake zimefuata hoteli, hosteli za wanafunzi, shule binafsi, maduka ya dawa na kampuni za ulinzi. Penye ajira nyingi hapakosi ugomvi wa ajira. Kwa hiyo wateja utawapata. Ninachokiwazia ni namna utakavyowapokea.

Nianze na muda, kwa sababu ndio unaowaangusha watu wengi kabla hata kesi haijasikilizwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 na mwenzake, Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka huohuo, zilitungwa ili mgogoro wa kazi usikae. Zikaunda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo CMA tunayoitaja kila siku. Msuluhishi akapewa siku 30 za kujaribu kupatanisha pande mbili kabla shauri halijaenda kwa mwamuzi. Mfanyakazi naye akawekewa kikomo na kanuni za 2007: anayelalamikia kuachishwa kazi afungue mgogoro ndani ya siku 30 tangu alipoachishwa, na mwenye dai jingine, kama mshahara ambao haujalipwa, ndani ya siku 60. Asiyeridhika na tuzo ya mwamuzi ana wiki 6 za kwenda Mahakama Kuu kuomba marejeo. Muda ni mfupi kila mahali, na waliouweka hawakukosea. Mtu anayeishi kwa mshahara wa mwezi hana akiba ya kusubiria haki miaka mitano.

Sasa mtazame mtu mwenyewe. Mteja wako wa kawaida ni mlinzi anayeishi Nkuhungu, fundi wa Kizota, mpishi wa hoteli, mwalimu wa shule binafsi, dereva wa lori la kokoto anayetoka Bahi. Ameambiwa asirudi kazini. Hakukimbilia kwa wakili siku ile. Kwanza alimbembeleza bosi. Halafu akamtuma mzee wa kanisa au shehe wa mtaani akamwombee msamaha. Kisha akarudi Mpwapwa kwa wazazi kutuliza akili, maana kodi ya chumba mjini ilikuwa imeisha. Huko ndiko jirani alikomwambia kwamba kuna mawakili wa mambo hayo. Alipoketi mbele ya meza yako, siku alizopewa na sheria zilikuwa zinakaribia kwisha, au zimekwisha.

Swali lako la kwanza kwake liwe tarehe. Usianze na kiasi cha mshahara wala ukubwa wa kampuni. Muulize aliachishwa lini, aliambiwa na nani, ana barua au aliambiwa kwa simu tu. Ukishapata tarehe hesabu naye siku, kwa sauti, na umweleze maana ya hesabu hiyo. Akiwa ndani ya muda, fomu ya CMA ijazwe wiki hiyohiyo, na usimwambie aje mwezi ujao akishapata nusu ya malipo yako. Akiwa nje ya muda, mwambie yuko nje ya muda. Kuna mawakili wanaoogopa sentensi hiyo kwa sababu mteja anaweza kusimama na kuondoka na pesa zake. Mwache aondoke. Bora aondoke akijua ukweli kuliko akae miaka miwili akilipa nauli ya kuja kusikia pingamizi.

Hapa pana mtego mkubwa kuliko yote kwa wakili mchanga, nami nitakaa hapa kidogo. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima atoe sababu kwa hati ya kiapo. Mahakama zetu zimeweka vigezo, na kila wakili anaukariri uamuzi wa Lyamuya Construction: eleza ucheleweshaji wote, kuchelewa kusiwe kupita kiasi, usionekane uzembe, na kama kuna hoja nzito ya kisheria itajwe. Wakili anavikariri vigezo, anamtazama mteja, anaona kwamba sababu ya kweli ni kutojua sheria na kumbembeleza bosi, na anajua kwamba kutojua sheria hakukubaliki. Ndipo anapouliza kwa upole, “Hukuumwaumwa kipindi hicho, mzee?” Mteja si mjinga. Anaelewa anachoulizwa. Wiki ijayo anarudi na karatasi ya zahanati.

Usiulize swali hilo kwa namna hiyo, hata mara moja. Uliza, “Ulikuwa wapi siku zile, ulikuwa unafanya nini?” kisha unyamaze uandike anachosema. Pengine utapata sababu ya kweli ambayo wewe mwenyewe usingeibuni: mwajiri alikuwa akimwahidi kumrudisha kazini na ujumbe wa simu upo, au rufaa ya ndani ilikuwa haijajibiwa, au alikuwa na mgonjwa Hospitali ya Benjamin Mkapa na kadi ya mgonjwa anayo. Pengine hutapata kitu. Lakini ukimfundisha mtu maskini kuapa uongo, umemchukua akiwa amepoteza kazi ukamfanya apoteze na jina. Wewe utaendelea na kesi nyingine. Yeye atabaki na kumbukumbu kwamba alishika kitabu kitakatifu akasema lisilokuwapo kwa sababu mtu msomi alimwongoza.

Kuna upande mwingine wa muda, nao ni wako peke yako. Mteja kaja siku ya ishirini, umepokea pesa, umeweka karatasi kwenye faili, ukasafiri kwenda Singida kwa shauri jingine, na ukakumbuka siku ya arobaini. Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili si sababu ya kutosha ya kumwongezea mteja muda. Fikiri maana yake kwa mlinzi wa Nkuhungu. Kosa ni lako, hasara ni yake, na hakuna atakayemrudishia siku zile. Ndiyo maana nasema siku thelathini ulizokabidhiwa si zako. Ziandike kwenye daftari la tarehe, na daftari hilo alione pia karani wako, ili ukiugua awepo mtu wa kupeleka fomu. Na tarehe ikikupita, mwambie mteja siku hiyohiyo kwamba umekosea wewe. Mwambie pia kwamba ana haki ya kukulalamikia.

Dodoma ina jambo lake la pekee ambalo wakili anayetoka Dar es Salaam au Mwanza anaweza kulisahau. Huu ni mji wa watumishi wa umma. Mtu wa wizarani akifukuzwa, mguu wake wa kwanza unaweza kumleta kwako, na mkono wako wa kwanza unaweza kwenda kwenye fomu ya CMA kwa mazoea. Subiri. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia zilizomo ndani ya sheria hiyo, pamoja na rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kugeukia sheria za kazi. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani ililisema hilo waziwazi katika shauri la Shirika la Posta: CMA haikuwa na mamlaka, na mwenendo wake wote ukafutwa. Hebu tafakari mtu aliyekwenda kwenye usuluhishi, akatoa ushahidi, akapata tuzo, akaenda Mahakama Kuu, mpaka kwenye rufaa, ndipo akaambiwa kwamba mlango aliouingia mwanzo haukuwa wake. Kabla hujampeleka mtu popote, jua mwajiri wake ni nani kisheria. Mashirika na wakala ni wengi mjini hapa, na jibu halionekani kwenye kibao cha getini.

Soma pia. Sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho mwanzoni mwa 2025, na Toleo la Sheria la 2023 lilipoanza kutumika Julai 2025, baadhi ya vifungu tulivyovizoea kwa namba vilihama. Wakili anayenukuu nakala aliyopiga chapa akiwa chuoni anamwibia mteja wake bila kujua. Sheria hii inabishaniwa na watu wanaoitegemea kwa chakula, kwa hiyo kutokusoma hapa ni dhambi kubwa kuliko kutokusoma kwingine.

Nije kwenye pesa. Kabla hujataja malipo yako, mpigie mteja hesabu ya anachoweza kupata. Kwa mujibu wa sheria ya 2004, anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, usiozidi miaka 10, na aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu hakipati. Ongeza likizo ambayo hakuchukua, cheti cha utumishi, na nauli ya kumrudisha alikoajiriwa. Kwa aliyefanya kazi miaka minne, kiinua mgongo hicho ni siku 28. Fidia ya kuachishwa isivyo halali ndiyo kubwa, lakini hiyo inategemea kushinda. Kama dai lote ni la miezi miwili ya mshahara, na wewe unataka ada inayokaribia hiyo, mwambie ukweli mwingine ambao mawakili wengi hawautamki: sheria inamruhusu kujiwakilisha mwenyewe CMA, au kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, au na mtu mwingine aliyemchagua. Msaidie kujaza fomu, mweleze atakachoulizwa, mwelekeze kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya 2017, mwache aende. Hutakufa njaa kwa hilo. Kwa hakika mtu huyo ndiye atakayekuletea wenzake kumi.

Ukikubali kesi, andika makubaliano ya ada kwa Kiswahili, mpe nakala. Pesa za mteja zikija kutoka kwa mwajiri zikae kwenye akaunti ya wateja kama kanuni za mawakili zinavyotaka, na mteja aone karatasi ya benki siku hiyo, asione wiki tatu baadaye pengo likiwa limeshaelezwa kwa maneno matamu. Na wakili wa upande wa pili akikuita kando, akakuambia kwamba mwajiri yuko tayari kulipa milioni mbili “na wewe tutakuangalia”, ondoka pale palepale. Mtu aliyeuzwa na wakili wake mwenyewe hana pa kukata rufaa kwa sababu hajui kwamba ameuzwa.

Usuluhishi wenyewe usiudharau. Vijana wengi wanauona kama chumba cha kupitia kuelekea kwenye mapambano, kwa kuwa shuleni walifundishwa kuhoji mashahidi, hawakufundishwa kusikiliza. Nchi hii inajua gharama ya kutosikilizana. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli chini ya chama cha Kasanga Tumbo waligoma siku 82, na reli ya kati, iliyofika Dodoma tangu 1910, ilikuwa sehemu ya ugomvi huo. Njia ya usuluhishi ilitengenezwa ili mtu mmoja asiye na chama wala umaarufu aweze kukaa mezani na kampuni kubwa, mtu wa tatu akawasikiliza. Ukiingia mle na mteja wako, muulize kabla: unataka kurudi kazini, unataka pesa, au unataka tu aliyekutukana akiri? Utashangaa ni mara ngapi jibu ni la tatu. Yapo madai yaliyokwisha kwa barua safi ya utumishi na neno la kuomba radhi, kwa kuwa mtu alikuwa anahitaji kupata kazi kwingine na jina lake lilikuwa limechafuliwa. Lakini akifikia makubaliano, msomee kila mstari kabla ya sahihi. Makubaliano yakishasainiwa yanafunga, na huwezi kumwambia kesho yake kwamba hukudhani lile neno lilimaanisha anaachia madai yote.

Neno la lugha linaingia hapa. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama na mabaraza ya nchi hii. Andika hoja zako kwa Kiswahili ambacho mteja wako anaweza kukisoma na kukuuliza. Mzee wa Chamwino anayekaa benchi akisikia jina lake likipita katikati ya maneno asiyoyajua, anakaa kama mgeni kwenye msiba wake mwenyewe.

Sasa upande wa pili, ambao ndio wenye malipo mazuri. Mwajiri atakuja. Hakuna ubaya wowote kumtetea mwajiri. Waajiri wengi wa Dodoma ni watu waliokopa benki wakajenga nyumba ya wageni au kiwanda kidogo cha kusindika zabibu, na wanaonewa pia, kuna wafanyakazi wanaoiba na wanaodanganya. Ninachokuomba ni kwamba umsaidie kabla ya kumfukuza mtu, usisubiri mpaka ameshamfukuza. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 hazina fumbo. Mwajiri achunguze kwanza. Mfanyakazi apewe tuhuma kwa maneno anayoyaelewa na muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Aruhusiwe kuja na mwenzake wa kazini au kiongozi wa chama. Kikao kiendeshwe na mtu ambaye hakuhusika na tukio. Uamuzi utolewe na sababu zake, na aambiwe namna ya kukata rufaa. Tena mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa umewekwa begani mwa mwajiri. Mwambie hivyo mapema, kwa upole, na mara nyingi ataokoa pesa nyingi kuliko atakazokulipa.

Shida ni yule anayekuja wakati mambo yameshaharibika. Amemfukuza mtu kwa simu saa nne usiku, na sasa ana hati ya wito kutoka CMA. Anakuuliza kama kuna namna ya “kupanga makaratasi”. Anachotaka ni muhtasari wa kikao ambacho hakikufanyika, wenye tarehe ya nyuma, na sahihi za watu watatu wanaomwogopa. Hapo ndipo utajua wewe ni wakili wa namna gani. Ukikubali, umeshiriki kughushi, na umewafanya watu watatu wanaotafuta mkate kuwa mashahidi wa uongo dhidi ya mwenzao waliyekuwa wanakula naye mezani kwa mama lishe. Mwambie, “Bosi, kikao hakikufanyika. Twende kwenye usuluhishi tukiri utaratibu haukufuatwa, tuzungumze kiasi.” Akikataa, mrudishie pesa zake. Mteja huyo mmoja angekulipa vizuri kwa miaka miwili, kisha siku moja, mbele ya mwamuzi, mmoja wa wale watatu angeogopa Mungu kuliko bosi wake.

Wale wa saiti wana wimbo wao: “Hawa si wafanyakazi wetu, ni vibarua tu.” Usiuimbe bila kuuliza. Sheria ya Taasisi za Kazi inaorodhesha mambo ambayo lolote kati yake likiwapo mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mojawapo ni kwamba amefanya kazi kwa mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kibarua anayepiga zege siku sita kwa wiki anazifikisha saa hizo kabla wiki ya kwanza haijaisha. Na mwajiri aliyekosa kumpa mkataba wa maandishi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa. Kama unamtetea mkandarasi, mweleze haya akiwa bado anaajiri. Kama unamtetea kibarua, mwambie alete chochote alichonacho: kofia yenye namba, picha za saitini, ujumbe wa malipo kwenye simu, jina la msimamizi. Watu wanadhani kwamba bila mkataba hawana kesi, wanarudi Kongwa kimya kimya.

Kuhusu kuchelewesha nitasema kwa ukali, kwa sababu nina uchungu nako. Katika mashauri ya kazi kwa kawaida hakuna amri ya gharama, isipokuwa pale ambapo mtu amefungua au kuendesha shauri la upuuzi au la usumbufu. Nia ya sheria ilikuwa njema, mfanyakazi asiogope kudai. Lakini mlango huohuo unatumiwa na wakili anayejua kwamba ahirisho halitamgharimu mteja wake kitu. Pingamizi la awali lisilo na kichwa, shahidi anayeumwa kila tarehe, marejeo yaliyopelekwa Mahakama Kuu ili tu tuzo isitekelezwe. Mwajiri anakaa na pesa, na mtu wa upande wa pili anauza kiwanja alichokuwa amenunua Veyula. Waislamu wanaijua hadithi inayotaka mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na Wakristo wameusoma Waraka wa Yakobo kuhusu ujira uliozuiliwa wa wavunaji. Wakili anayechelewesha kwa makusudi ujira ambao anajua kwamba unadaiwa kihalali hawezi kujificha nyuma ya maneno “natekeleza maagizo ya mteja”. Maagizo hayo una haki ya kuyakataa.

Kuna jambo dogo ndani ya hili ambalo halisemwi sana. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mienendo ya CMA kwa sababu mashahidi walitoa ushahidi bila kuapishwa. Kila mtu akarudi kuanza upya, miaka imekwenda. Sasa chukua kwamba uko mbele ya mwamuzi, kazi imemlemea, amesahau kumwapisha shahidi. Wewe umeona. Kuna wakili atakayenyamaza, aliweke kosa hilo akiba mpaka siku atakaposhindwa. Simama. Sema kwa heshima, “Mheshimiwa mwamuzi, naomba shahidi aapishwe.” Ulikula kiapo cha kuwa afisa wa mahakama, na kiapo hicho hakikukuruhusu kutega mitego kwenye chumba ambacho umeitwa kusaidia haki ipatikane.

Baadhi ya wenzako watakuambia kwamba kesi za kazi ni kesi ndogo, za walinzi na wahudumu, na kwamba heshima iko kwenye madini, kodi na mikataba ya miradi. Usiwaamini. Jaji Imani Aboud alikaa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, akiamua migogoro hiihii ya watu wa kawaida, na mwaka 2021 akachaguliwa kuwa Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha. Hakuna aliyeona kwamba miaka ile ilimpunguzia kimo.

Nikumalizie na la nyumbani kwako. Unaye karani? Unaye dada anayefungua ofisi asubuhi na kupokea wateja? Unaye kijana wa mafunzo anayekuandikia hoja usiku? Wana mikataba ya maandishi? Michango yao ya NSSF inakwenda kila mwezi, sehemu yako na yao, au inakatwa tu kwenye hesabu za mdomo? Wanapata siku 28 za likizo? Dada yule akijifungua atapata siku 84 zenye malipo, au utamwambia ofisi bado changa? Sijui kwa nini watu wa taaluma yetu ya maneno tunasahau hili kirahisi. Mteja anayekuja kukueleza namna bosi wake alivyomnyima haki anaketi mita mbili kutoka kwa mtu ambaye wewe ni bosi wake. Anza na huyo. Ukishamwandikia mkataba, ndipo utakuwa na uso wa kumwandikia mwajiri mwingine barua ya madai.

Basi wiki hii, kabla hujapokea faili jipya, fungua kabati lako utazame yaliyomo. Mteja ambaye hajasikia sauti yako tangu mwezi uliopita mpigie, umweleze shauri lake limefika wapi, hata kama jibu ni kwamba halijafika popote. Na kama kuna tuzo ambayo wiki zake sita zinaisha Ijumaa, usingoje Ijumaa. Peleka maombi masijala ya Mahakama Kuu leo.